Kiraka cha Ndala za Kabula

Bariadi, Jumamosi

Kiraka kimeachia tena. Kesho ni kanisani, na mguu wa mke wangu, Kabula, umevimba. Hauvumilii viatu vingine.

Nilifanya kama tulivyozoea: kisu cha moto, kipande cha ndala kuukuu, kisha majini. Mjukuu wetu Minza, anayesomea plastiki chuoni, alicheka, akanitania kama wajukuu wanavyowatania babu zao: "Mume wangu, una haraka ya nini?"

Akanieleza kuwa soli hiyo ni mpira laini ulioungana na chembe ngumu. Moto huzivuruga. Zikipoa polepole hujikusanya tena, zikaukaza mpira usichanike. Maji yaliziwahi kabla hazijajipanga. Vitu ni vilevile, mpangilio ndio mbovu.

Nikakumbuka tulivyohamishwa kutoka kijijini kwetu kuletwa hapa, kwa asubuhi moja tu. Kabula alichukua miaka kuzoea hapa, nami nilimgombeza kwa hilo.

Nimekichoma upya kiraka, nikakiacha kipoe chenyewe. Nimekivuta sasa hivi. Kimeshika.

"Unisamehe haraka zangu," nimemwambia Kabula.

"Za ndala?"

"Za tangu tulipohamia."

Amenyoosha mguu nimvalishe.