Fungu Langu Kwenye Ndege

Dada Mwanaidi,

Shikamoo. Kama umeifungua bahasha hii hapo barazani Tangini, naomba uingie ndani kwanza, ukae. Najua unaisoma umesimama, maana subira hukupewa tangu mdogo. Mimi mzima, kifua hakinisumbui, baridi ya huku tu ndiyo hatujazoeana. Wewe je, presha imetulia? Na Mama huko Maneromango anakula? Ulisema uji anamaliza lakini ugali anaumega kuwaridhisha. Msimlazimishe. Mpikieni muhogo wa nazi, huo sijawahi kumwona akiukataa.

Naandika kwa mkono kwa sababu kwenye simu nimeshindwa. Jumapili uliponiuliza, "Shabani, hiyo ndege yako aliyokuwa akiisema Baba ni ndege gani?" nilikujibu mtandao unakata. Mtandao haukukata, dada. Nilikata mwenyewe, nikakaa na simu mapajani kama mtu aliyeiba. Basi huyu mama wa Mbwawa tunayeishi naye mtaa mmoja anarudi nyumbani moja kwa moja, nimemwomba akukabidhi barua mkononi.

Unakumbuka mwaka ule wa korona nilikuwa nije kwenye Idd. Nauli nilikuwa nayo kamili. Mara nchi zikafungwa, ndege zikalala. Kiwanda chetu kilikuwa kinafua mashuka ya hoteli, na hoteli zote zilikuwa tupu, basi wakatuletea mashuka ya hospitali. Yalikuja kwenye mifuko myekundu iliyofungwa, na sisi tumevaa glavu mbilimbili, hakuna aliyetaka kuuliza nani alikuwa ameyalalia. Mghana mmoja niliyekuwa napiga naye shifti, Kwame, kila mapumziko ya chai alikuwa ameinamia simu. Siku moja akanionyesha. Hisa za mashirika ya ndege zimeporomoka, na za kampuni zinazowapeleka watu likizo ndiyo usiseme, bei ya kutupa. Akasema ugonjwa ukiisha watu watasafiri kwa kiu, na aliyenunua leo atakuja kucheka. Nikawaza, nauli imekaa tu na ndege hakuna. Nikaitia yote, nusu kwenye shirika la ndege, nusu kwenye kampuni ya likizo. Hapo sijilaumu mpaka leo.

Kosa langu lilianza nilipompigia Baba kujisifu.

Unamjua Baba na neno hisa. Kwake hisa duniani ilikuwa moja, ya ng'ombe wa Idd ya kuchinja. Miaka yote yeye ndiye aliyezunguka kijiji kizima kutafuta watu saba wa kuchangia ng'ombe mmoja, na akimkosa wa saba hata chakula hakipiti. Nilipomwambia nimenunua hisa ya ndege, akaniuliza, "Ndege moja mnachangia watu wangapi?"

"Wengi Baba. Maelfu."

"Hee. Mafungu yenu yatakuwa madogo."

"Madogo sana."

"Hata kiti hayafiki?"

"Hata kiti."

Nikasikia anatema mate pembeni. "Lakini ng'ombe uliyemchangia hawakunyimi nyama," akasema. "Siku ikiruka watakupa kiti uje."

Nikacheka. Nikasema, "Watanipa, Baba." Ningeweza kumweleza, dada, haikuwa kazi ngumu. Ila nilipenda alivyofurahi.

Haikupita miezi mingi ndege zikaanza tena kwenda Dar, zikawa zinapita juu ya mikorosho yetu kama zamani. Baba akanipigia siku ile ile. "Shabani, ndege zinapita. Yako iko wapi?" Wakati huo hisa zangu zilikuwa chini kuliko nilivyonunua. Ningeziuza, nikaongeza mshahara wa mwezi mmoja, ningepanda ndege nikaja. Lakini niliona uchungu kuuza kwa hasara. Nikamjibu, "Ya kwangu bado imepaki, Baba."

"Mbovu?"

"Nzima. Abiria tu hakuna."

Akaniamini. Tena akaanza kunisaidia kungoja. Kila wiki alikuwa anachukua simu ya Mjomba na kunitumia sauti. Moja ninayo bado. Anasema, "Leo imepita moja saa nne asubuhi. Nadhani siyo yako, haikupunguza mwendo." Nilimtafsiria Kwame tukacheka mpaka tukashika mbavu. Siku hizi nikiisikiliza siyasikii tena maneno, nasikia pumzi. Tayari alikuwa anahema, na mimi nilikuwa nacheka.

Kisha ukanipigia kusema Baba hapumui vizuri. Ulitumia yale maneno ya wakati ule, changamoto ya upumuaji, ukasema mmemfukiza mwarobaini na malimao na hakuna nafuu. Ukasema, "Kama unaweza, njoo." Hukusema zaidi ya hapo, na mimi nakujua, wewe ukisema kidogo ujue ni kikubwa. Nikafungua simu nione hisa. Zilikuwa zimeanza kujivuta juu. Kwame akaniambia ukiuza sasa umefanya ujinga, ngoja wiki mbili. Nikangoja wiki mbili, dada. Baba yetu anatafuta pumzi, mimi natafuta bei.

Mara ya mwisho kuongea naye, Mjomba alimshikia simu sikioni. Sauti ilikuwa imekwisha. Aliniuliza kitu kimoja tu, "Bado imepaki?" Nikasema, "Bado, Baba." Sikuongea naye tena baada ya hapo.

Sasa nikwambie ya siku ile, maana hii hujui na hakuna mtu anayejua. Nilikuwa nimelala mpaka asubuhi imekwenda, simu nimeizima sauti. Nikaamka nimechelewa, nikakimbilia basi la shifti ya mchana. Humo ndani ndipo nilipofungua simu. Kumbe walikuwa wametangaza kwamba chanjo imepatikana, na hisa zangu zote zimekuwa kijani. Zilipanda siku moja kuliko miezi yote niliyongoja. Nilicheka, dada. Nilicheka peke yangu kwenye basi, kwa sauti, mpaka mwanamke wa kiti cha mbele akageuka kunitazama juu ya barakoa yake. Nikajisemea nauza leo, nakwenda kwa Baba. Halafu ndiyo nikaziona simu zako sita.

Nimeishi na kicheko kile miaka yote hii, nikidhani ndiyo mwisho wa mambo. Jumapili ukanisimulia ulichokuwa umenificha, kwamba Baba alifariki alfajiri na kaburi lilikuwa tayari kabla ya adhuhuri, lakini alikuwa ameacha neno: asizikwe mpaka ndege ya Shabani ipite. Kwamba Imamu alikubali wangoje mpaka alasiri, isizidi. Kwamba watu walisimama uani na jeneza limefunikwa, wanaume wazima wenye heshima zao, wanaangalia juu. Na ilipopita moja ya chini chini, Mama akasema, "Ndiyo hiyo. Mwanangu ameshafika. Mpelekeni." Na kwamba Mjomba ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea, mahali pangu.

Nimepiga hesabu ya saa, dada. Alasiri ya kwetu ni mchana wa huku. Mlipokuwa mmeinua nyuso zenu mnaningoja, ndipo mimi nilipokuwa kwenye basi nacheka.

Tangu zamani nilikuwa namsikia Baba, lakini tangu Jumapili amezidi. Kiwandani mashine ikimaliza kuzunguka kuna kimya kidogo kabla mlango haujafunguka. Hapo ndipo anakohoa mara moja, halafu ananiuliza, "Bado imepaki?" Sikwambii kwa mfano, nasikia kabisa, na juzi nilimjibu kwa sauti, wenzangu wakaniangalia. Naogopa. Sijui kama ni yeye au ni mimi, na vyote viwili vinanitisha. Mkiniuliza kila Idd mbona siji, nawajibu makaratasi, nawajibu kazi. Uongo mtupu. Nilikuwa siwezi kukaa kwenye ndege inayopita juu ya uani kwetu.

Jumatatu nimeuza zote, zile nilizoziacha tangu siku ile. Faida imepatikana, na si ndogo, Kwame alikuwa sahihi. Tiketi nimeikata kwa mshahara wangu, ile hela sikuigusa. Nilitaka nimchinjie Baba ng'ombe mzima peke yangu, kisha nikaona ataniuliza wako wapi wale sita. Basi Idd hii nitachukua fungu moja tu. Sita mtafute wewe na Mjomba, kama alivyokuwa akitafuta yeye. Hiyo hela nyingine utaamua wewe, mimi sitaki kuishika.

Mama usimwambie haya. Nitamwambia mwenyewe, nimekaa chini mbele yake, akitaka kunifukuza anifukuze akiwa ananiona. Wewe nimekutangulizia ili ukasirike sasa, upate muda. Ukinitukana nitasikiliza. Ila usininyamazie, dada, kimya sasa hivi sikiwezi.

Msalimie shemeji, mwambie viatu alivyoagiza nimevipata lakini si rangi aliyotaka. Wanao wabusu wote, na yule mkubwa asome. Shangazi Zena anayemwogesha Mama, mwambie sijasahau hata siku moja. Na Mjomba Saidi, aliyeshuka mahali pangu, mwambie nitakuja kwanza kwake kabla sijaingia ndani, nimshike mikono ile.

Ndege inafika Jumamosi ya mwisho ya mwezi, asubuhi. Usije uwanja wa ndege. Nenda Maneromango kwa Mama, maana ikipita ataisikia na atatoka uani, hilo hutaweza kulizuia. Mshike mkono, umgeuze taratibu. Mwambie asiangalie juu. Aangalie njia.

Ni mimi mdogo wako,
Shabani