Nafasi ya Mtafiti Kule Geita

Kambarage, Shinyanga
9 Septemba 1997

Mpendwa mpwa wangu Pantaleo,

Kwa masikitiko makubwa ukoo unatangaza kwamba mjomba wako sasa anavaa miwani. Mama yako anasema nafanana na karani wa pamba aliyefukuzwa kazi. Shikamoo yako niliipokea, marahaba sana. Dorika na mtoto hawajambo huko Dar? Sisi wazima, ila tangu barua yako ifike silali vizuri.

Umeuliza kama huku kuna kazi kwa msomi wa sera za afya. Zipo. Tangu wachimbaji wajae Geita, timu haziishi: hawa wanapima ukimwi, wale zebaki, wengine wanaishauri wilaya juu ya zahanati. Hata mimi, bwana afya niliyepunguzwa kazini, wananichukua niwatafsirie Kisukuma. Mikataba ni mifupi, lakini ukimaliza mmoja, mradi mwingine unakuita. Huo uliokuahidi nafasi unajulikana, na mama yako anafurahi mno.

Hayo ya juu nimeyaandika yeye akiwa hapa, akitaka nimsomee kila mstari. Sasa ametoka kwenda sokoni, niseme kweli upesi.

Mwezi uliopita nilikwenda machimboni na mtafiti wa mradi huohuo, kijana wa rika lako. Kibali cha wilaya tulikuwa nacho. Kwa mtemi wa sungusungu, walinzi wa jadi, hatukupita kujitambulisha, na mimi Msukuma mzima nikanyamaza. Tulipoanza kuwatoa watu damu ya kupima, mama mmoja akapiga mwano. Ukisikia yowe lile, kila mwanamume anatoka na silaha. Wakasema sisi ni mumiani, wanyonya damu. Kijana akafungwa kamba, akalazwa juani, mishale ikimwelekea.

Mtemi, mzee Maduhu, akafika. "Damu hii mnampelekea nani?"

"Serikali, mtemi," nikajibu.

"Serikali haina ya kwake?"

Nilicheka peke yangu, kwa woga. Alituachia kwa kuwa zamani niliwachanja wanawe. Angekuwa mwingine, sijui.

Kijana alipanda basi kesho yake, akaacha hata godoro. Nafasi uliyoahidiwa ni yake. Mama yako nilimwambia kijana amepata kazi Arusha.

Nimewauliza wakubwa wa mradi kama wamekwisha kwenda kwa Maduhu kuomba radhi. Wamesema hiyo itakuwa kazi ya kwanza ya mtafiti mpya.

Msalimie Dorika, umbusu Samwel mdogo. Mungu akutangulie kabla hujasaini.

Ni mimi akupendaye, na mwenye hofu kwa ajili yako,
Mjomba Dominiko