Jua la Januari Lilivyotudanganya

Mume wangu wa miezi mitano, mpenzi wangu,

Bado naona raha kuliandika neno hilo, mume. Naliandika hata kwenye orodha ya sokoni!

Unakumbuka ulivyopanda paa la mama yangu pale Yamumbi kufunga paneli ya sola, ukashuka na kutu kwenye suruali ya kanisani? Mama akauliza, "Huyu ni injinia ama paka?" Mimi nilikuwa nimeshakupenda ukiwa bado kwenye ngazi.

Binamu yangu Kiprono amemaliza uinjinia na anatafuta kazi za sola. Jana aliniuliza ungemshauri nini. Nilimjibu kwa niaba yako, maana wewe uko nchi za Ghuba unalinda mlango wa duka.

Nilimsimulia ya kijiji cha Chepsaita. Wakulima wa huko walikupa kazi ya mtambo wa sola wa kupoza maziwa, nawe ukapima idadi ya paneli kwa jua la Januari, lile ambalo hata mbwa hulikimbia. Juni tukafunga ndoa. Julai mawingu yakakaa wiki nzima, mtambo ukazima, maziwa yakachacha. Mama Chebet, mwenyekiti wao, akakupigia tukinywa chai: "Injinia, jua lako limeenda fungate na nyinyi?" Mimi nilicheka. Wewe uliweka kikombe chini.

Basi nikamwambia Kiprono: pima kwa Julai. Muulize anayekamua ng'ombe kabla hujafungua kitabu. Na kazi ikiharibika, rudi siku hiyo hiyo.

Wewe hukurudi. Ulizima simu, na Agosti ukapanda ndege. Nami nilinyamaza, kwa kuwa nilikupenda mno hata nisitake kukuona ukiaibika. Hapo nilikosea, mpenzi.

Wiki iliyopita nilienda Chepsaita mwenyewe. Paneli zimeshushwa, zimeuzwa. Mama Chebet alinishika mkono. "Tulimngoja wiki tatu, msichana wangu. Tulitaka aongeze paneli nne tu. Nani alimwambia tunataka kumfunga jela? Sasa tuna jenereta."

Unasema mkataba ukiisha utachukua mwingine, na vyeti vyako nivitupe. Sijavitupa. Ila sioni tena siku utakayoviulizia.

Kiprono alinisikiliza hadi mwisho, akaitikia kwa kichwa. Kisha akaniuliza kama huko kwako kuna nafasi nyingine ya mlinzi.

Nakupenda kuliko ninavyojua kuandika. Ujifunike vizuri ukilala.

Mkeo