Niliung'oa Mche wa Mke wa Mwanangu

Mshauri, huna adabu. Salamu utaipata mwisho, ikibaki.

Wiki mbili zilizopita mke wa mwanangu alikuandikia kwamba mama mkwe wake ni king'ang'anizi wa miti, nawe ukamjibu mbele ya gazeti zima, "Wazee wengine hawaambiliki, wazungukeni." Wazungukeni! Kwani mimi nguzo? Shule niliishia darasa la pili, lakini kusoma nasoma.

Sasa usikie na upande wangu. Kule kwenye nyumba ya zamani tuliyoiuza kuna mchungwa alioupanda marehemu mume wangu, na aliyenunua amesema mwisho wa mwezi huu anaukata ajenge choo, nami nataka machungwa yale yale yaendelee hapa tunapokaa sasa, uani penye udongo wa hatua tatu tu kati ya jiko na ukuta, na mimi tangu usichana wangu nabandika jicho la mchungwa, kile kichipukizi cha tawini, juu ya mche wa mlimau, maana mlimau una nguvu na haubembelezwi, nikabandika mmoja miaka sita iliyopita, ukakua kama umetukanwa, mizizi ikainua saruji, mlango wa jikoni ukagoma kufungika, mwanangu akaukata bila hata kuniaga.

Basi mkewe, fundi wa kila kitu anachokiona kwenye simu, akaleta kutoka kitaluni miche miwili ya miiba, yenye majani matatumatatu, eti hiyo ndiyo ikae chini, mchungwa ubaki mfupi.

Nikamwambia, "Mwanangu, chungwa la baba mkwe wako ulikalishe juu ya kichaka? Litakuwa na ladha ya kichaka."

Akacheka. "Mama, tunda linafuata jicho, halifuati miguu."

Kunifundisha mimi! Alipokwenda kazini nikaung'oa mmoja nikautupa, na aliporudi nikasema ni kuku wa fundi viatu, jirani yetu. Akaenda kumfokea fundi wa watu, hadi leo hawaamkiani. Mimi nimeshabandika macho manne kwenye milimau yangu na yote yamekauka, mkono unatetemeka siku hizi. Sasa nakuuliza, utaandika lini kwamba ulikosea?

Mwenye mchungwa

*

Shikamoo, bibi.

Neno moja nalirudisha. Nilikosea kusema uzungukwe. Ungezungukwa ungeng'oa na mche wa pili.

Mengine siyarudishi. Mkwe wako kasema kweli. Jicho ndilo linaloleta tunda na ladha yake. Shina la chini linaamua mti uwe mkubwa kiasi gani na uvumilie nini. Mlimau ulikufaa shambani, penye nafasi na ukame. Hatua tatu si shamba, na mlango wa jikoni ulishakwambia hivyo, ukaukasirikia mlango.

Najua kinachokuchoma. Umebandika miti maisha yako yote, na huyu binti aliuliza simu, akaniuliza mimi, wewe hakukuuliza. Hapo una haki ya kununa. Lakini kumsingizia kuku? Mtu mzima mwenye wajukuu? Umewagombanisha watu wazima wawili kwa ajili ya kijiti ulichokitupa kwa mkono wako, halafu unanidai mimi radhi!

Umebaki mche mmoja, na siku tisa mwezi uishe. Mti ukishakatwa macho yake yatakauka, na hakuna kitalu kitakachokuuzia chungwa la mume wako. Mkono wako hauwezi tena, sawa, lakini macho ya kuchagua unayo. Simu haijui tawi lipi limekomaa. Wewe unajua: lenye unene wa penseli, la mviringo lisilo na pembe, lisilo changa. Majani yakatwe, vikonyo vyake vibaki, matawi yafungwe kwenye kitambaa chenye unyevu. Na jicho likae shibiri moja juu ya udongo, lisije likaoza.

Leo akirudi kazini, kabla hajavua viatu, mwambie mche uliung'oa wewe. Nendeni wote kwa fundi, wewe utangulie, uombe radhi kwa mdomo wako. Kesho asubuhi nendeni kwenye mchungwa. Wewe uchague tawi, yeye ashike kisu, na mkirudi uani usiseme neno mpaka amalize kulifunga jicho kwenye mche uliobaki.