Vikombe Viwili vya Uyoga kwa Mama Apolonia

Nereida uko? Shoga, leo nimeumbuka!

Nilimpeleka mama mkwe kwa Mama Apolonia, yule mganga, akanywe ule uyoga wa tiba, wa kuleta maono. Mama mkwe meno hana ya kutafunia, kwa hiyo ukahesabiwa jozi jozi kama kawaida, ukasagwa kwenye jiwe, ukakorogwa na maji. Na mimi nikamiminiwa, eti nimsindikize.

Mlango ukakomelewa. Nimeshika kikombe, Mama Apolonia ananiuliza: "Mwanangu, siku nne hizi hujalala na mwanamume?"

Siku nne! Mbele ya mama mkwe!

Sijafungua mdomo, mama mkwe akanijibia kwa maringo: "Huyu? Mumewe yuko Puebla tangu Pasaka!"

Na wewe unajua nani alikuja kwangu Jumapili, juzi tu. Na uyoga huu, asiyejizuia siku nne akiunywa, hurukwa na akili. Nisipokunywa, nimejianika mwenyewe. Na mlango umefungwa!

Nikaweka kikombe chini. "Sikujizuia."

Nikasubiri kofi.

Mama mkwe, mjane tangu miaka tisa iliyopita, akakitazama kikombe chake. Akakiweka chini taratibu. "Hata mimi."

HATA MIMI, Nereida!

Sasa tumerudi, tuko jikoni tunatazamana, na kila mmoja anaomba mwenzake asiulize: na nani?