Mafua ya Miaka Kumi na Moja

Jumatatu, 4 Machi

Dada,

Shikamoo. Natumaini wewe na shemeji hamjambo, na kwamba sauti yako haijakauka kwa kuwashauri watu redioni kila Alhamisi. Sisi huku wazima wa mwili. Binti yenu ameng'oka jino la pili na anaringa nalo mtaa mzima. Wifi yako naye yuko na mafua yake yaleyale. Kila jioni kabla ya kupanda kitandani anajipaka mafuta ya mkaratusi puani, kichupa kikiisha ananunua kingine. Tumeshazoea.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kuta za nyumba yetu ni nyepesi mno, nikiongea na simu jirani anaitikia. Na jambo lenyewe ni la aibu. Usicheke.

Unajua wifi yako alianza kazi kiwanda cha kuku mwezi wa kumi na moja, baada ya lile duka la vitambaa kufungwa. Wamemweka kwenye kutoa matumbo. Kutwa anatumbukiza mkono ndani ya kuku na kuchomoa, kutumbukiza na kuchomoa. Jioni anarudi, anaoga, anabadilisha nguo, anakuja kukaa karibu yangu, na dada, ananuka. Si jasho. Jasho ningelielewa. Ni manyoya yaliyochovywa maji ya moto, na damu iliyolala, na kitu kingine cha ndani kabisa ya kuku ambacho sijui jina lake na sitaki kulijua. Kimemwingia kwenye nywele, kiko mpaka chini ya kucha. Juzi alinimenyea chungwa, nikala kipande kimoja nikasema nimeshiba.

Naona kinyaa. Nimeliandika neno lenyewe ili unielewe. Akinikumbatia naona kama nimekumbatia jogoo aliyelowa. Basi nimemdanganya kwamba nilishtua mgongo nikibeba hita ya maji ya mteja, na kwamba godoro letu lilivyobonyea halinifai, kwa hiyo nalala kwenye sofa. Wiki ya sita hii. Sofa lenyewe fupi, miguu inaning'inia. Halafu yeye ananikanda mgongo usioumwa, kwa mikono hiyohiyo, na mimi nabana pumzi mpaka amalize.

Huku kazini watu wamepata wazimu. Sinki likiziba saa nne, saa nne na dakika tano umeshapigiwa mara saba, na ukifika mwenye nyumba anakutazama kama wewe ndiye uliyeziba. Narudi nyumbani hoi. Sina nguvu za ugomvi, wala za kusema ukweli, maana najua ukweli huo utazaa ugomvi. Lakini nampenda mke wangu, dada. Nimwambieje kwamba ananuka bila kumvunja moyo?

Hii ni ya macho yako peke yako.

Mdogo wako,
fundi bomba


Jumatano, 13 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Marahaba. Huku hatujambo. Shemeji yako anakusalimu, au angekusalimu kama angekuwa ameinua macho kwenye kompyuta yake. Mbusu binti kwenye pengo.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Imenigusa kweli. Usijione mtu mbaya, mwili una mambo yake, na msongo wa kazi unayakuza maradufu. Unajua mimi nina hatua zangu tatu: tulia, sikiliza, sema kwa upole. Wewe bado uko kwenye kutulia. Si vibaya.

Kwa sasa anza na kitu kidogo. Mnunulie sabuni nzuri ya ndimu, miche mitatu hivi, umfungie kwenye karatasi ya zawadi. Mke mwenye akili ataelewa bila kuambiwa, na wewe hutakuwa umemtamkia neno lolote. Jibu kamili nitalifikiria, maana hili si lako peke yako. Ungejua wangapi wanalala kwenye sofa na migongo yao mizima. Wengi wangefaidika.

Kunywa maji ya kutosha.

Dada yako


Jumapili, 31 Machi

Dada Mtulivu,

Nakuita jina lako la redioni kwa sababu ndilo ulilonitendea nalo. Leo sikuamkii. Hali yangu usiiulize, na ya kwako sina haja nayo.

Nieleze jambo moja. Ulipokuwa umekaa mbele ya maikrofoni unaisoma barua yangu kwa sauti ile ya kubembeleza mtoto, ulihisi chochote? Au mate yalikuwa yanakudondoka kwa utamu? Ulibadilisha kuku ukaweka samaki, ukadhani umenifunika. Sofa uliliacha. Mgongo uliuacha, na hita ya maji. Sabuni ya ndimu ya kwako wewe mwenyewe, miche mitatu, nayo ukaitaja. "Naona kama nimekumbatia samaki aliyelowa." Samaki gani hajalowa, dada?

Kile kiwanda kina redio imetundikwa juu ya mstari wa kutoa matumbo, na Alhamisi saa nne asubuhi hawasikilizi kingine ila wewe. Wifi yako huwa anajitapa kwamba huyo ni wifi yake. Alhamisi hii walicheka mpaka wakaacha kuku wapite. Yeye alikuwa anacheka kuliko wote. Kisha ukafika kwenye mgongo.

Hukujua, na mimi sikujua, kwamba wiki nane alikuwa anazunguka kiwandani kuniombea dawa ya mgongo. Kila mwanamke pale alishamwelekeza kitu. Mmoja alimpa mafuta, mwingine alimwazima mfuko wa maji ya moto, msimamizi wao alimpa jina la daktari wa mifupa. Mstari mzima, watu ishirini na wawili, waliujua mgongo wangu. Ulipoutaja wakaacha kucheka mmoja mmoja, wakageuka wakamtazama. Anasema hata mashine ilisikika. Akaendelea kuchomoa matumbo mpaka zamu ikaisha, maana angeenda wapi.

Alirudi nyumbani. Aliitoa ile miche ya sabuni niliyomnunulia ulivyoniambia, miwili bado imo kwenye karatasi ya zawadi, akaipanga juu ya sofa langu. Akaniuliza, "Mgongo vipi leo?" Ijumaa asubuhi akamchukua binti wakaenda kukaa kwa mwenzake wa kazini, chumba kimoja nyuma ya kiwanda, watu wanne na jiko.

Nimezibua vyoo vya hospitali, nimeingia mashimo ambayo hata mende wameyakimbia, na sijapata kuona uchafu kama huu wako. Kuniuzia ndoa yangu kwa watu wanaosubiri tangazo la biashara. Nilikwambia ni ya macho yako peke yako.

Usinipigie. Usinitumie ujumbe wenye maua.

Fundi bomba


Alhamisi, 11 Aprili

Mdogo wangu,

Sitaanza kwa kukuuliza hali, najua hali yenyewe nimeiharibu mimi.

Nimeandika barua hii mara tano na kuichana, kwa sababu kila mara ilitoka kama kipindi. Nisome tu hivi nilivyo. Nilikuwa nimeishiwa. Wiki ile hakuna aliyekuwa ameniandikia chochote cha maana, mkuu wa vipindi alikuwa ananikodolea macho, na barua yako ilikuwa kwenye mkoba. Nikajiambia nakusaidia. Huo ndio uongo niliojiambia, na nikauamini mpaka taa nyekundu ya studio ilipozimwa.

Na ili usidhani nakaa juu ya kiti cha enzi: mimi na shemeji yako mwaka wa pili huu tunaongea kwa karatasi kwenye mlango wa friji. "Maziwa yameisha." "Fundi wa umeme kesho." Juzi niliandika "Umelalaje?" akajibu kwa kuweka alama ya vema. Halafu nakwenda kuwafundisha watu kusikiliza. Nikijisikia kwenye marudio ya kipindi nazima redio.

Sababu ya barua hii ni nyingine. Jumatatu ilifika studio barua ya msikilizaji. Mwandiko niliujua kabla sijaifungua. Mkuu wa vipindi aliiona akasema hii ni dhahabu. Nikaiweka kwenye mkoba nikatoka nayo, na Alhamisi ya leo nimepiga muziki saa nzima. Sijui kama nitakuwa na kazi wiki ijayo. Imeandikwa kwangu lakini si yangu. Nakutumia yenyewe, sikubakiza nakala.

Dada yako


(Ndani ya bahasha hiyo)

Kwa Dada Mtulivu,

Mimi ni mke wa yule wa samaki. Kuku, tukisema kweli. Jina langu usilitaje, ingawa wewe ukificha kitu kinaonekana zaidi.

Nilipoolewa mume wangu alikuwa ndiyo kwanza ameanza kuzibua chemba. Jioni ya kwanza aliyotoka kwenye shimo la maji machafu alinikumbatia mlangoni, ana furaha, kapata kazi. Nikamwambia naangalia chungu, nikaenda nyuma ya nyumba nikatapika. Alikuwa ameoga. Haikusaidia. Iko kwenye nywele, iko chini ya kucha, najua anachokisema.

Nikajiuliza nimwambie au nisimwambie. Nikaona ataacha kazi, au ataacha kunikumbatia. Kesho yake nikanunua mafuta ya mkaratusi, nikamwambia nina mafua. Nina mafua miaka kumi na moja sasa. Kwa kweli sijaugua mafua ila mara moja tu, nikiwa na mimba.

Sikuwahi kuhama kitanda.

Sisemi haya ili anionee huruma, hata kinyaa alichonacho simlaumu, kinyaa hakiombi ruhusa. Mimi nimechukizwa na mgongo. Nimeukanda wiki nane nikitoka kwenye kuku mia sita kwa siku, vidole vimevimba, na kulikuwa hakuna kitu. Swali langu ndilo hili: aliyenuka kinyesi cha mtaa mzima na aliyenuka kuku, nani alistahili kuhama?

Usinijibu redioni.


Jumatatu, 29 Aprili

Dada,

Shikamoo. Salamu hii nimeirudisha kwa sababu mama angetaka, si kwa sababu nimekusamehe. Bado ukitajwa nasikia ladha mbaya mdomoni. Lakini ile barua uliileta, na hilo nimeliona. Kama kazi imekwenda, pole. Kama haikwenda, pole vilevile.

Niliisoma nikiwa kazini, nimekaa ukingoni mwa chemba iliyo wazi nyuma ya shule moja, glovu nimezivua. Nilipomaliza nikanusa mkono wangu. Miaka kumi na moja sijawahi kuunusa, dada. Nikanusa mkono wa ovaroli, kisha kifua. Nusura nitapike mimi mwenyewe. Nikamkumbuka akiniambia anaangalia chungu, na nikakumbuka kwamba jioni ile nilimcheka, nikasema mke gani huyu anajali chungu kuliko mume.

Kesho yake nikamsubiri kwenye geti la kiwanda. Zamu ikatoka. Wanawake ishirini na wawili wakanipita, mmoja akaniuliza, "Mgongo, baba?" wengine wakajishika pua. Wifi yako alinipita kama anapita nguzo ya umeme. Nikafyata mkia nikarudi.

Sina maneno, unajua. Maneno katika nyumba yetu uliyachukua wewe yote. Nina mikono tu. Miaka yote hii nimefunga mabafu ya watu, ya marumaru, ya maji moto, na kwangu bomba la nyuma linadondosha tangu binti hajazaliwa. Basi siku kumi kila nikitoka kazini nilichimba. Nimejenga bafu la nje, palepale kwenye mlango wa nyuma: sakafu ya zege yenye mteremko, kuta za bati mpaka shingoni, bomba la mvua, maji ya moto na baridi. Beseni mbili za nguo za kazi. Ndoano mbili. Mtu anavua yote pale, anaoga pale, ndipo anaingia ndani. Jirani ameshaniuliza kama nafungua biashara.

Jumamosi wifi yako alikuja kuchukua viatu vya shule vya binti. Ametoka kazini moja kwa moja, na mimi pia nilikuwa ndiyo nimetoka shimoni, sijavua hata buti. Tukakutana mlango wa nyuma. Nikasema kabla sijapata uoga, "Sina mgongo mbovu."

"Najua," akasema. "Kiwanda kizima kinajua."

"Unanuka kuku. Niliona kinyaa, nikakudanganya, nikakuacha unikande. Na mimi nanuka mavi, na wewe umekaa nayo miaka kumi na moja."

Akanitazama kuanzia buti mpaka kichwani. "Leo umezidi," akasema.

Hakucheka. Usije ukadhani alicheka. Alinipita akaingia bafuni na viatu vyake, akagusa zege kwa kisigino, akatazama bati, akafungua koki ya maji ya moto, akaifunga, akasubiri mkono ameuweka chini ya bomba.

"Linavuja," akasema.

Nikamwambia nitakaza. Nikachukua spana nikakaza palepale. Akaweka tena mkono chini. Alipoona bomba halidondoshi, akafungua mfuko wake, akatoa aproni ya kiwandani, akaitundika kwenye ndoano ya kwanza. Akasema ndoano yangu ni ile ya pili, na niisogeze mbali na yake. Jioni ileile akaenda kumchukua binti, wakarudi. Kile kichupa cha mkaratusi kimo kwenye mkoba wake. Juzi nilikiona kimejaa, jana kimepungua kidogo. Sikuuliza. Aliniambia mwenyewe: "Jana ulikuwa umezidi." Sasa tunaambiana.

Nalala kitandani. Kwenye sofa analala binti, anasema ni fupi linamfaa.

Nilimwuliza kama nikukaribishe. Akafikiri mpaka akamaliza kumenya vitunguu. Anasema uje ukitaka, ila kazi yako nayo inanuka, na ukija utaogea nje kwanza kama sisi wengine. Ndoano ya tatu sijaifunga bado.

Mdogo wako,
fundi bomba