Baba Mbele ya Ubao

Kwako dada,

Salamu nyingi, nikitumaini kifua kimepoa na watoto hawajambo. Mimi ni mzima. Kazi tu ndiyo inayonila.

Umeniuliza kwa nini Baba alirudi nyumbani Jumatatu ile koti limejaa chaki, akakataa kula, akajifungia chumbani. Nitakueleza mwenyewe, maana wengine watatia chumvi.

Unajua kituo hiki cha utafiti alikianzisha yeye. Ndiye aliyewaketisha meza moja wanahisabati, madaktari na wataalamu wa udongo, wote watumie kompyuta moja kubwa. Miaka kumi na tatu walimheshimu. Mwaka huu wakaanza kuvutana: kila idara inataka hesabu zake zitangulie kwenye foleni, na Baba jibu lake ni, "Tutaona, tutaona." Mimi naibu wake ndiye niliyekuwa nikizima moto, na sifa zikimwendea yeye.

Jumatatu wakuu wa idara walikutana kumwongezea muhula. Nikasimama, nikasema kwa adabu kwamba wakuu wapya wangependa kuona mlinganyo wake wa namna homa inavyoenea, ule uliompa jina, akiuandika kwa mkono wake. Baba akatabasamu, akashika chaki. Akaandika mstari mmoja, akafuta. Akaandika uleule tena. Alipofuta mara ya nne kwa mkono wa koti, mkuu wa madaktari akacheka, wengine wakafuata. Baba akanigeukia: "Mama, nisaidie. Hatua inayofuata ni ipi?"

Naijua tangu nina miaka kumi na sita. Nikamjibu, "Endelea tu, Profesa, hatuna haraka."

Kabla ya chai walikuwa wamenipa kiti chake.

Sasa lililo zito, dada. Mwezi wa pili ulinipigia simu ukilia, ukasema daktari amekwambia akili ya Baba inafifia, ukanisihi nimsitiri kazini asije akaaibika. Hapo ndipo nilipojua pa kumshika. Ubao ule niliuandaa kwa sababu ya simu yako.

Sikuombi radhi. Nakuomba umzuie asije. Jana alifika getini amevaa tai. Mlinzi, kwa amri yangu, akamkatalia. Alisimama juani saa nzima akiwasalimia wanafunzi. Nilimwona kutoka dirishani, nikavuta pazia, nikaendelea na kikao.

Nibusie watoto. Barua hii usimwonyeshe Baba. Au ukitaka, msomee. Kesho atakuwa amesahau.

Mdogo wako,
Mkurugenzi